Una sukari na unataka bima ya maisha? Anzia hapa

Fungua simu ya mtu yeyote anayeishi Umoja, iwe ni Umoja One, Umoja Two au Innercore, na hutakosa kundi la WhatsApp la mchango wa mazishi. Wakati mwingine ni mawili kwa mpigo. Namba ya kutumia pesa imebandikwa juu, orodha ya majina inaongezeka chini: mia mbili, mia tano, elfu moja. Pesa hizi zina kazi. Mochari inalipwa, jeneza linanunuliwa, basi la kwenda ushago linapatikana.

Kisha kundi linafungwa, tarehe tano inafika, na mwenye nyumba anabisha mlango. Kodi haikuwa kwenye mchango. Karo ya muhula ujao pia haikuwa. Pengo hilo ndilo bima ya maisha hujaza: mtu analipa kidogo kidogo akiwa hai, na siku akifariki kampuni inawapa aliowaandika kiasi walichokubaliana.

Wateja wenye kisukari huuliza swali moja: "Mimi nina sukari. Kuna kampuni itanichukua kweli, ama nitapoteza wakati?" Wengi wanaweza kupata. Huenda ukalipa zaidi ya jirani yako asiye na sukari, huenda ukaambiwa usubiri miezi kadhaa, au ukapewa bima ya aina tofauti na uliyoomba. Jambo tunalotaka ulibebe kutoka hapa ni hili: bima iliyo ghali kuliko zote ni ile unayolipia miaka na miaka kisha ikakataa kulipa. Kwa mtu mwenye sukari, hilo hutokea kwa urahisi sana, na mara nyingi mambo huharibika siku ya kwanza kabisa, pale kwenye fomu.

Tuseme mapema kwamba sisi ni watu wa malipo. Hatuuzi bima, na hakuna kampuni tunayokusukumia hapa.

SHA si bima ya maisha

Kuna mchanganyiko mwingi hapa, kwa hivyo tuondoe kwanza. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ni bima ya matibabu. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Inalipa hospitali. Haiachii watoto wako pesa za kodi. Hata hivyo usiiache, kwa sababu kliniki unayohudhuria ndiyo itakayokusaidia kupata bima ya maisha kwa bei nzuri, kama utakavyoona.

Halafu kuna bima ya gharama za mazishi. Hii hulipa kiasi kidogo kwa haraka, mara nyingi ndani ya siku chache, ili familia izike. Nyingi haziulizi maswali mengi ya afya, na ndiyo sababu watu wenye sukari huikimbilia. Ni nzuri kwa kazi yake. Lakini laki moja ya mazishi ikishaisha kwenye mazishi, imeisha.

Bima ya maisha yenyewe ndiyo kubwa zaidi, na ndiyo yenye maswali.

Swali la fomu

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 43 anauza nguo pale Mutindwa. Ana watoto wawili na anawalea peke yake. Aligunduliwa na kisukari cha aina ya pili miaka sita iliyopita, anameza dawa, anaenda kliniki. Ajenti wa bima anamkuta kibandani siku ya Jumamosi, mteja hakuna, wanaongea vizuri. Anaelezwa kuhusu bima ya shilingi milioni 2 inayoweka akiba kwa miaka 15. Wanaanza kujaza fomu. Wanafika swali: je, umewahi kuambiwa una kisukari, presha, ugonjwa wa moyo au figo?

"Hapo weka hapana tu, mathe. Ukisema ndio watakuongezea bei bure."

Anaweka hapana. Bima inakubaliwa wiki hiyo hiyo, bila daktari wala kipimo, na yeye anaona ajenti alikuwa sawa.

Hapo ndipo watu wengi hukosea kuelewa. Kwa bima ndogo na za kati, kampuni nyingi hazikupimi mwanzoni. Wanaamini ulichoandika. Uchunguzi wanauacha hadi siku ya kulipa. Mama huyu akifariki mwaka wa tatu, kampuni itaomba cheti cha kifo, ripoti ya hospitali, na pengine faili lake la kliniki. Faili litaonyesha miaka tisa ya sukari. Fomu inasema hapana, na sahihi ni yake. Kampuni ina haki ya kukataa dai, na sheria za bima zinaitambua haki hiyo, kwa sababu mkataba wa bima umejengwa juu ya nia njema kabisa: kila upande unasema yote anayoyajua ambayo yangebadilisha bei au uamuzi wa mwenzake. Ajenti wakati huo hayupo. Hata akiwepo, ataulizwa na atasema mteja ndiye aliyejaza.

Watoto wale wawili watakuwa wamepoteza miaka mitatu ya pesa za mama yao, na watakuwa wamepoteza walichokuwa wakitegemea. Bei iliyokwepwa pengine ilikuwa shilingi mia chache kwa mwezi.

Kwa hivyo andika ndio. Andika aina ya kisukari, mwaka uliogunduliwa, dawa unazotumia na kliniki unayoenda. Kama una presha pia, iandike. Ajenti akikujazia fomu, isome kabla ya kutia sahihi, kisha piga picha kila ukurasa kwa simu yako ubaki nazo. Na kama uliwahi kuweka hapana kwenye bima unayolipia sasa hivi, usinyamaze ukisubiri bahati. Waandikie kampuni urekebishe. Inawezekana wakaongeza bei, inawezekana wakaifuta, lakini ni heri ujue leo ukiwa hai kuliko watoto wajue bila wewe.

Kampuni inaangalia nini

Neno "sukari" peke yake halitoshi kukukataa. Mtu anayekokotoa hatari pale ofisini anajaribu kujibu swali moja: sukari hii imeshikwa, au inakimbia?

Kipimo anachokitaka zaidi kinaitwa HbA1c. Tofauti na ile ya kudungwa kidole, inayoonyesha sukari ya dakika hiyo tu, HbA1c inaonyesha wastani wa miezi mitatu hivi iliyopita. Huwezi kuidanganya kwa kukosa chai ya sukari siku moja. Kuanzia asilimia 6.5 ndipo madaktari husema mtu ana kisukari, na watu wazima wengi wenye kisukari hushauriwa wakae chini ya 7. Ukienda na majibu ya 7 au karibu na hapo, una kitu cha kuzungumzia. Ukienda na 10 au 11, kampuni nyingi zitakuambia urudi baadaye, au zitakataa moja kwa moja.

Wataangalia pia umri uliogunduliwa. Aliyegunduliwa na aina ya pili akiwa na miaka 50 kwa kawaida hulipa nyongeza ndogo kuliko aliyeishi na aina ya kwanza tangu utotoni, kwa sababu miaka mingi ya sukari ndiyo huchosha figo, macho na mishipa. Wataangalia presha, uzito, figo, na kama unavuta sigara. Sigara pamoja na sukari ni mchanganyiko ambao hakuna kampuni inayoupenda.

Sasa, hapa ndipo unaweza kujipunguzia bei mwenyewe. Usiombe bima wiki ile umegunduliwa, kwa maana mara nyingi utaambiwa usubiri hadi dawa zizoee mwili, na kukataliwa au kuahirishwa kutabaki kwenye rekodi: fomu nyingi huuliza kama kampuni nyingine imewahi kukukataa, na hapo pia ni lazima useme kweli. Nenda kliniki mfululizo, pata HbA1c mbili zilizopishana miezi mitatu au zaidi, kisha uombe ukiwa na karatasi mkononi. Mwombe daktari au afisa wa kliniki akuandikie barua fupi: aligunduliwa lini, dawa gani, majibu ya karibuni, figo na macho yako vipi. Iwe unatibiwa Mama Lucy au kliniki ndogo ya mtaani, kadi yako ya kliniki iliyojazwa kila mwezi ina thamani kuliko maneno matamu ya ajenti. Bei ya kipimo chenyewe hutofautiana sana kati ya maabara na maabara, kwa hivyo uliza mbili tatu kabla ya kulipa.

Jambo moja dogo ambalo ajenti wengi hawalijui: mtu mwenye selimundu, au aliyeishiwa damu, anaweza kupata majibu ya HbA1c yasiyo ya kweli. Kama ni wewe, daktari aliseme kwenye barua.

Nyongeza yenyewe inafanyaje kazi? Tuseme mtu wa umri wako asiye na ugonjwa analipa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kampuni moja ikikuwekea nyongeza ya asilimia 50, utalipa 1,500. Nyingine ikikuwekea asilimia 100, ni 2,000. Sukari ni ile ile na mtu ni yule yule, lakini kila kampuni ina jedwali lake. Ndiyo maana hatukushauri uishie kwa wa kwanza. Uliza angalau tatu. Broka aliyesajiliwa anaweza kukuulizia kampuni kadhaa kwa mara moja, tofauti na ajenti ambaye kwa kawaida anauza ya kampuni yake. Na baada ya mwaka au miwili ya majibu mazuri, rudi uulize kama nyongeza inaweza kupunguzwa. Wasipoulizwa, hawatajipunguzia wenyewe.

Milioni 2 za nini?

Turudi kwa yule mama wa Mutindwa. Je, alihitaji milioni 2? Tupige hesabu naye. Kodi yake, tuseme, ni 15,000. Anataka watoto wakae hapo hapo miaka miwili kabla ya lolote: hiyo ni 360,000. Karo ya sekondari ya juu, miaka mitatu kwa kila mtoto, tuseme 50,000 kwa mwaka: kwa wote wawili ni 300,000. Jumla 660,000. Kwenye Sacco ana akiba ya 120,000. Anabakiwa na pengo la 540,000. Mkopo wake wa Sacco hatukuuhesabu, kwa sababu Sacco nyingi huweka bima kwenye mikopo, na mwanachama akifariki bima hiyo ndiyo hulipa deni. (Uliza Sacco yako. Usikisie. Uliza pia kama bima yao inawatenga wenye ugonjwa wa zamani.)

Bima ya laki tano na nusu ni karibu robo ya ile aliyouziwa.

Na kuna aina. Bima ya akiba hukurudishia pesa mwishoni ukiwa hai, kwa hivyo sehemu kubwa ya unacholipa ni akiba, na kinga ya kifo kwa kila shilingi ni ndogo. Bima ya muda haikurudishii kitu ukifika mwisho ukiwa mzima, lakini kinga yake ni kubwa kwa pesa kidogo. Ajenti hupenda kuuza ya akiba. Sisi tunaona kwamba mtu mwenye sukari na bajeti ndogo anunue kinga kwanza, kwa muda unaolingana na umri wa watoto, kisha akiba aiweke penye akiba, kwa Sacco au kwingineko anakoweza kuifikia akiugua. Kuna wasiokubaliana nasi, hasa waliowahi kuona kwamba bila kulazimishwa hawaweki. Nao wana hoja.

Kabla ya kununua peke yako, angalia makundi uliyomo. Umeajiriwa? Waajiri wengi wana bima ya kundi, na kwa kawaida hadi kiwango fulani wafanyakazi huingia bila kupimwa kabisa. Waulize watu wa rasilimali kiasi chako ni kipi, maana wengine hufanya kazi miaka kumi bila kujua wanayo. Ukiacha kazi, inaisha, kwa hivyo usiitegemee peke yake. Wewe ni wa matatu, wa boda, wa soko? Sacco au chama chenu kinaweza kununua bima ya kundi ikiwa mmefikia idadi ambayo kampuni inataka. Hatari ya mmoja inagawanywa kwa wote, na mwenye sukari hapo ndipo hupata nafuu kubwa kuliko akienda peke yake.

Kwa bima za kundi na za mazishi, soma mambo mawili. La kwanza ni kipindi cha kungoja: kifo cha ajali mara nyingi hulipwa tangu siku ya kwanza, lakini kifo cha ugonjwa hulipwa baada ya wiki au miezi kadhaa. La pili ni kama kuna mstari unaotenga magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga. Ukiuona mstari huo, uliza kwa maandishi: "Nikifa kwa sababu ya kisukari, mtalipa?" Ujumbe wa WhatsApp au barua pepe unatosha, mradi jibu litoke kwa kampuni yenyewe.

Kulipa kwa simu bila kuteleza

Hii ni sehemu yetu, na tumeona pesa zikipotea kwa njia za kijinga.

Ada ya bima usiitume kwa namba ya simu ya mtu. Hata kama ajenti ni mtoto wa jirani. Lipa kwa Paybill ya kampuni, na mahali pa akaunti uweke namba ya bima yako, si jina lako. Kabla ya kubonyeza, soma jina linalotokea: ni la kampuni, au ni la mtu? Kampuni zenye leseni na ajenti waliosajiliwa wako kwenye orodha za Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Hapo pia ndipo unapopeleka malalamiko kampuni ikikuzungusha.

Kuruka mwezi kunamuumiza mwenye sukari kuliko mtu mwingine. Ukikosa kulipa, kwa kawaida unapewa siku za neema, nyingi zikiwa 30. Zikipita, bima inalala. Kuiamsha kunahitaji fomu mpya ya afya, na fomu mpya ina maana maswali upya, pengine kipimo upya, kwa umri mkubwa na sukari iliyokaa zaidi. Yule jirani asiye na ugonjwa ataamsha yake kwa kalamu tu. Wewe unaweza kuambiwa hapana. Kwa hivyo chagua kiasi unachoweza kulipa Januari, siyo kiasi unachoweza kulipa Desemba.

Panga malipo ya kujirudia, siku moja au mbili baada ya pesa zako kuingia. Wa mshahara ajue tarehe yake. Wa biashara anaweza kuomba kampuni imruhusu alipe kwa wiki au kwa siku, na zipo zinazokubali. Angalia pia deni la simu: ukiwa umekopa baada ya salio kuisha, pesa ikiingia deni linakatwa kwanza, na malipo ya bima yakifika yanakuta hakuna kitu. Mfumo hautajua kwamba hiyo ilikuwa ya watoto. Kila baada ya miezi michache, omba kampuni taarifa ya malipo yako na uilinganishe na jumbe zako za simu. Usizifute.

Bahasha

Bima isiyojulikana haidaiwi. Pesa zisizodaiwa kwa muda mrefu, zikiwemo za bima, hupelekwa kwa mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa, UFAA, iliyoundwa chini ya sheria ya 2011. Familia inaweza kuzifuata huko, lakini ni lazima kwanza ijue zipo.

PIN yako usimpe mtu, hata mke au mume, na hata sisi hatutakuomba kamwe. Badala yake chukua bahasha. Weka karatasi yenye jina la kampuni, namba ya bima, namba ya Paybill, na simu ya ofisi, pamoja na nakala ya ile fomu uliyoipiga picha. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini iko wapi. Majina ya uliowaandika yawe kama yalivyo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, maana "Mama Brayo" hatalipwa. Kama ni watoto walio chini ya miaka 18, mwandike pia mtu mzima atakayewashikia pesa, na umuulize kwanza kama anakubali. Ukioa, ukiachana, au aliyeandikwa akifariki, badilisha jina mwezi huo huo. Kwa kawaida ni fomu ya ukurasa mmoja, na fomu hiyo haiulizi chochote kuhusu sukari.